Kidoti cha Shavu la Kushoto

…na laiti huyu mama wa samaki angesogea nusu hatua tu, yeye na kapu lake na harufu yake, Lettice angempitisha wifi yake kando ya umati, wakavuka hadi kwa muuza tepe, mambo yakaisha kimya kimya kama mshumaa uliofunikwa kikombe, lakini wapi, mama wa samaki kajikita pale kama nguzo ya kanisa, anacheka mpaka mikunga wanachezacheza kapuni, mbele yake wabeba viti wawili wamekitua kiti chao cha kubebea matajiri, kile chenye paa na kuta, na abiria yumo ndani anagonga paa, hawamsikii, na mbele yao ni kofia na kofia na kofia, na mbele ya kofia zote lipo dirisha la duka la picha la Bwana Tibbet, vioo vidogo vidogo, kila kioo na picha yake ya kumcheka mtu, na katika kioo cha katikati, palepale jicho linapotua kwanza, Mungu wangu, ipo. Imechapwa. Imetiwa na rangi. Ile… "Wifi," anasema Drusilla akimtikisa mkono, "nini kinawachekesha watu hivyo? Mbona husemi?" na sauti yake inatoka ndani ya kofia kama sauti ya mtu aliyetumbukia pipani, maana kwa kuogopa manyunyu Drusilla ameivuta ile kofia yake kubwa ya kukunjwa, ya hariri na mataruma ya mfupa wa nyangumi, akaishusha mpaka mbele ya pua kama paa la gari la farasi, anachokiona ni ncha za viatu vyake na mgongo wa mama wa samaki, basi, na heri aone hayohayo, Ee Bwana nyesha, nyesha hata gharika, asiivute nyuma hiyo kofia, asiinue uso, kwa sababu aliyemo katika kioo cha katikati ni Drusilla mwenyewe, na mnara wake wa nywele mrefu kuliko mlango, na juu ya mnara bustani nzima ya mboga, karoti, vitunguu, kabichi tatu zimekaa kama mahakimu, na mtunza bustani amepanda ngazi na ndoo ya maji anamwagilia, na huko nyuma makalio ya bandia ya kizibo, yale ya kuvaliwa chini ya gauni, yametuna mpaka kuku ameyaatamia, na aliyemchora hivyo ni nani, ni nani mwenye roho ya namna hiyo katika London nzima, ni Lettice Pomfrey, mke wa mtengeneza mishumaa, aliyesimama hapahapa kashikwa mkono na huyo aliyechorwa.

"Kitu kidogo tu, wifi," anasema, "kuna… kuna mbwa anacheza," na papo hapo anatamani kuumeza ulimi, kati ya maneno yote ya duniani likamjia mbwa, na kwenye picha mbwa yumo, chini pale kwenye pindo la gauni alimchora Juno, yule mbwa mnene wa Drusilla mwenye uso kama aliyekimbia akagonga ukuta, London nzima hakuna wa pili… "Mbwa gani? Ana nguo? Wale wenye nguo siwapendi, wanapigwa wale." "Hana nguo, wifi, mbwa wa kawaida." "Sasa mbwa wa kawaida ndiye wa kuwavunja watu mbavu?" na Lettice anajichekesha, he he, huku unga wa nywele uliolowa unamtiririka kwenye kipaji kama uji, kwa sababu yeye hana kofia ya kukunjwa, yaani anayo, imo nyumbani, haimwingii, alimwambia msusi, Musyu Delacour, yule Mfaransa mzaliwa wa Shoreditch, "Musyu, nataka kama wa wifi yangu, ila uzidi shubiri moja," na shubiri ile moja ndiyo iliyoishinda kofia, na sasa shubiri ile ndiyo inayoyeyuka, mafuta ya nguruwe na unga wa ngano na mvua, mtu akikutia jikoni sasa hivi unatoka mkate… lakini siku alipochora hakuwa na mnara bado, siku ile alikuwa na nywele zake za kawaida na hasira zake za kawaida, ilikuwa Pasaka, bata bukini yuko mezani, kila mtu anangoja, na Drusilla hafiki, hafiki, kumbe yuko njiani kapiga magoti kwenye sakafu ya gari, maana akikaa kitini karoti za hariri za kileleni mwa mnara zinapondeka darini, ndivyo alivyosafiri, mjane mzima wa mfanyabiashara wa biskuti za mabaharia, magoti chini kama mwenye kutubu, akaingia chumbani kwa kuinama, akainuka polepole, tii, kama bendera, hata bata bukini nadhani alishtuka, na mume wake Lettice, Josiah, badala ya kumkemea dada yake akapiga makofi, na Lettice akauliza kwa adabu, kwa adabu kabisa, "Wifi, mnara huo haukuumizi shingo?" na Drusilla akamtazama toka juu, wakati huo alikuwa juu kwelikweli, akasema, "Wifi yangu, vipo vichwa vya kubeba mtindo, na vipo vya kubeba kofia ya jikoni, na vyote Mungu kaviumba," na Josiah akacheka, akacheka na mate yakaruka kwenye mchuzi, na hicho kicheko cha Josiah ndicho kilichochora ile picha, si yeye Lettice, kicheko cha Josiah, yeye alishika kalamu tu.

Na alichora vizuri… tena vizuri, usiseme uongo, mstari ulikwenda wenyewe, jikoni, kwenye karatasi ya kufungia mishumaa, akicheka peke yake mpaka kijakazi akachungulia, alianza na karoti za hariri zilezile, kisha karoti zikaona upweke akaziongezea vitunguu, vitunguu vikataka kabichi, kabichi zikataka maji, akaja mtunza bustani, na usoni hakusahau kile kidoti cheusi cha mahameli, Drusilla na kidoti chake cha shavu la kulia, hakitoki hapo, si kwa urembo, chini yake pana kovu la ndui, kama Lettice mwenyewe na kidoti chake cha kushoto na kovu lake, ndui ilipita nyumba zote mbili mwaka mmoja ikamgonga kila mtu muhuri upande wake… na Bwana Tibbet ana kibao mlangoni, mabibi na mabwana wenye mawazo ya kuchekesha walete michoro yao, itachongwa kwenye bamba la shaba ichapwe, bila malipo wala kuulizwa jina, nusu ya picha za mji huu zinachorwa na mabibi waliokosa la kufanya baada ya chai, kwa hiyo aliisukuma chini ya mlango akaondoka mbio kama mwizi wa kuku, akapita kesho yake, haipo, akapita wiki iliyofuata, dirishani wamewekwa wabunge tu, wabunge na matumbo yao, akasema wameitupa, akasema afadhali, akaumia kidogo kwamba wameitupa, akasahau.

Akasahau kwa sababu aliuonea mnara wivu akataka na yeye wake. Nyani haoni kundule, na kundu lenyewe la kizibo, alilinunua nalo siku hiyohiyo, Josiah alisema sasa hata ukitumbukia Thames sina wasiwasi, utaelea, na Musyu Delacour alimsuka tangu asubuhi mpaka saa ya chai, mto wa sufu katikati, nywele za farasi pembeni, pini kama misumari ya jeneza, fungu la figili za hariri kileleni, na alipomaliza Lettice akajitazama kwenye kioo akajiona malkia, na adhuhuri ya pili akawa analia, shingo imekufa, hajui alale vipi, na kuna kitu kinatembea ndani ya mnara, kama si mdudu basi ni dhamiri, na Josiah yuko karakanani na mafuta yake ya mishumaa hana msaada, na ndipo mlango ukagongwa, Drusilla, na mto mrefu kwapani na kijiti cha pembe ya ndovu mkononi, hakumcheka, hapana, alimcheka, alicheka sana, lakini alivua glavu, akamkunia, akakiingiza kijiti pole pole mpaka palepale penyewe, kulia kidogo, hapo, hapohapo, raha ile Lettice hajaipata hata siku ya harusi, akamwekea mto chini ya shingo, akasema, "Lala kama maiti wa kifalme, wifi, mikono kifuani, usigeuke, ukigeuka umeharibu nchi," naye akavuta kiti akakaa kando yake mchana kutwa akimsimulia marehemu wake na biskuti zake zenye funza, na toka siku hiyo asubuhi zote ni zao wawili, kukuniana na kusengenyana, Lettice hana dada, hakuwahi kuwa na dada, na sasa ameuingia mwaka wake wa arobaini na sita akapata mmoja, mrefu namna hiyo, na kioo cha katikati kinataka kumnyang'anya.

"Huyo mbwa naye anacheza nini hata hatuondoki?" anauliza Drusilla, na mkono wake unapanda kwenye utepe wa kuvutia kofia nyuma, na Lettice anaukamata mkono, "Usifungue, wifi! Mvua! Karoti zako!" na mkono unashuka, asante Mungu, ila si kwa muda mrefu, anamjua, Drusilla akishataka kuona kitu hata pazia la hekalu halimzuii, basi amwambie nini, amwambie twende nimeshikwa na tumbo, amwambie Josiah anatungoja, amwambie ukweli, wifi ni mimi, nilikuwa na hasira, ulisema kofia ya jikoni… na hapo abiria wa kiti anatoa fimbo dirishani anamchoma mbeba kiti ubavuni, mbeba kiti anainama kwa maumivu, na nyuma ya kichwa chake, kichwa kilichokuwa kimeziba, unaonekana uso wa mwanamke wa kwenye picha, na kidoti. Kidoti kiko kushoto. Lettice anatazama tena. Alikiweka kulia, anaapa mbele ya madhabahu alikiweka kulia, na ngazi ya mtunza bustani ilikuwa huku, sasa iko kule, na kuku aliangalia mashariki sasa anaangalia magharibi, na mara anauona akilini muhuri wa siagi wa jikoni kwake, bata wa kwenye ubao anatazama mlangoni, ukimgandamiza kwenye siagi anatazama dirishani, ooo, ndivyo basi, mchongaji ameunakili mchoro bambani kama alivyouona, hakuugeuza, mvivu yule, na bamba likagandamizwa karatasini kama muhuri kwenye siagi, kila kitu kikahama upande, na mwanamke mwenye kidoti cha kushoto na mnara na mboga kichwani, katika mtaa huu, mbele ya umati huu, ni mmoja tu, na unga unamtiririka puani. Amejichora mwenyewe. Na la kwanza linalomjia, astaghafiri, la kwanza kabisa si aibu, ni raha, pumzi ndefu ya raha kama mtu aliyelegezewa kamba za kifua, ni mimi, jamani, ni mimi, Drusilla hatajua…

"Ndiye huyu!" Mama wa samaki amegeuka. Anatazama dirishani, anamtazama Lettice, anatazama dirishani, anaweka kapu chini ili apate mikono yote miwili ya kushika mbavu. "Jamani, ndiye huyu, kashuka toka dirishani! Mama, figili bei gani leo?" na kofia zote zinageuka, safu nzima, kama keki kwenye sinia, na mbeba kiti mmoja anasema, "Mtunza bustani kaenda wapi, kapata mapumziko?" na mwingine, "Mvua hii nzuri, mama, kabichi zitashika," na kicheko kinapanda mpaka abiria wa kitini naye anafungua kidirisha, anatazama, anafunga, anasikika akicheka humo ndani peke yake, na Drusilla anavuta utepe. Kofia inarudi nyuma, kraa-kraa-kraa, taruma moja baada ya lingine, karoti zinatokeza. Anaangalia watu. Anaangalia kioo cha katikati. Anamwangalia Lettice, kidoti chake cha kushoto. "Nyie!" anasema Drusilla. "Hamna kazi? Mnamcheka nani hapa? Huyu ni mke wa kaka yangu! Mji mzima mishumaa mnayozima mkilala ni ya nyumba yao, mtalala gizani nyie!" "Tulishazoea giza, mama, tusogezee mnara wako tuone jua." "Na wewe mama mikunga, hicho kichwa chako kina nini ndani, mapovu?" "Kina akili, mama, na nafasi ya kofia," na watu wanapiga makofi, na Drusilla naye, Lettice anamfahamu, anaona pembe ya mdomo wake inacheza, amelipenda hilo jibu, atalitumia Krismasi kama lake. Na amemsogeza Lettice nyuma yake. Amemkinga. Kwa makalio yake ya kizibo amemkinga, kama ngome.

Hapo ndipo raha inapomtoka Lettice, kwa sababu mtu hakingwi na mtu aliyemchimbia kisima, hata kama kisimani ametumbukia mwenyewe mchimbaji, na "Nani mshenzi huyu aliyekuchora hivi?" anauliza Drusilla bila kugeuka, "nimpate nimtie kabichi zake zote tatu," na umati unacheka bado, na katika kicheko hicho, jambo la ajabu, Lettice anasikia kitu kingine, anawasikiliza vizuri, hawamcheki yeye, wanamcheka yule kuku, yule mzee mwenye pua nyekundu pale anamwonyesha mkewe kuku, mkewe analia kwa kicheko, anamshika mumewe bega, pengine walitoka nyumbani wamenuniana, na kuku yule alitoka kichwani kwa Lettice, kwenye karatasi ya mishumaa, kichwa cha kubeba kofia ya jikoni, na sasa nusu ya uwanja wa Mtakatifu Paulo imesimama mvuani kwa ajili yake, hakuna mhubiri anayepata watu hivi, na ni kweli anachekesha, wote wawili wanachekesha, wao na minara yao inayonuka nguruwe, laiti angekuwa kule mbele angejicheka mwenyewe, angewashika wabeba viti mabega… "Wifi," anasema Drusilla. Sauti imebadilika. Ametulia. Ameinamisha shingo, ametazama chini ya picha, kule kwenye pindo la gauni. "Yule ndiye mbwa wako?" "Abee?" "Mbwa uliyesema anacheza." "Ndiye, wifi." "Mbona ana miguu ya meza?"

Na Lettice anaona sebule ya Drusilla, pazia la kukingia moto mbele ya meko, zawadi aliyompa yeye Lettice Krismasi, Juno aliyemdarizi kwa mkono wake, miguu minne imenyooka na vifundo vya mviringo, na kila mgeni akija Drusilla huonyesha, mwambieni wifi yangu, mbwa wangu si samani, ule mkono wa Lettice unajua pua, unajua kuku, unajua kabichi, mguu wa mbwa haujui, haujawahi, na hakuna bamba wala muhuri wa siagi duniani wa kuugeuza mguu wa meza ukawa wa mbwa. Basi. Imekwisha. Hamwangalii. Anaangalia mikunga kapuni, wametulia, mikunga wana bahati, wao watachunwa tu. Mkono wa Drusilla bado uko kwenye mkono wake, haujatoka, kwa nini haujatoka, unakaza, utamfinya sasa, mwache afinye… "Pua yangu," anasema Drusilla polepole, "si ndefu vile." "Na kabichi umezitoa wapi? Mimi na kabichi wapi na wapi? Zilikuwa karoti, wifi. Karoti tupu. Mtu akichora achore haki." Na Lettice anainua macho, na anaona mnara wa wifi yake unatikisika, kwanza kileleni, karoti zinagongana, halafu katikati, halafu mabega, na Drusilla Hobley, mjane wa biskuti, anacheka bila sauti mpaka machozi yanachimba mifereji kwenye unga, "kidoti," anasema, hawezi kusema, "kidoti kimekuhamia… shetani wewe… Mungu si Josiah!" na Lettice naye kicheko kinampasuka, toka chini kabisa, chini ya kizibo, anamwegemea wifi yake amwambie nisamehe, na kichwa kinagonga kichwa.

Figili zinaingia kwenye mataruma. "Usivute." "Sivuti, wewe ndiye unayevuta." "Pini ipi hiyo?" "Sijui, wifi, zote." Hawawezi kuachana, wamefungamana huko juu kama kulungu wawili, shingo zimepinda, mashavu yamegusana, kovu kwa kovu, manyunyu yaleyale, mama wa samaki palepale, dirisha lilelile, na umati umeiacha picha ukawageukia wenyewe, na Lettice, ambaye dakika chache nyuma aliomba gharika, anajikuta haombi kitu, shingo inauma, iume, Drusilla ananuka mafuta na unga na yale manukato yake ya karafuu, na huko mlangoni mwa duka ametokea Bwana Tibbet na aproni yake yenye wino, anawatazama kwa kichwa upande, anatoa kalamu nyuma ya sikio, anatoa karatasi, anaanza kuchora, na Lettice anataka kumpigia kelele, bwana, safari hii geuza, nakuomba, wa kulia ni wa kulia na wa kushoto ni wa kushoto, halafu anafikiri, akisahau tena vidoti vitahama vyote viwili, yeye atakuwa Drusilla na Drusilla atakuwa yeye, na anajaribu kuona kama hilo lina ubaya wowote, analigeuza huku, analigeuza huku, "Wifi, umetulia, unawaza nini?" anauliza Drusilla shavuni mwake, na Lettice anasema, "Tulia na wewe. Tunachorwa."